Kukata kiu si kukata tamaa: Dosari za istilahi za Kibudha kwa Kiswahili

JUMAMOSI moja nilialikwa katika ukumbi mdogo wa jamii huko Makina, Kibera, kusikiliza mafunzo ya tafakuri. Mwalimu alikuwa mgeni, mtu mpole aliyefundisha kwa Kiingereza. Kando yake aliketi kijana wa papo hapo mtaani akitafsiri kwa Kiswahili. Waliohudhuria, wengi wao akina mama na vijana, walipewa karatasi moja yenye istilahi kadhaa za falsafa ya Kibudha pamoja na visawe vyake vya Kiswahili.

Mambo yalikwenda shwari hadi mkalimani aliposema: "Maisha ni mateso, na chanzo cha mateso ni tamaa." Mama mmoja aliyekuwa ameketi karibu na mlango aliinua mkono.

"Samahani, mwalimu. Mimi naamka saa kumi usiku napanga laini na mitungi yangu. Nikitamani mfereji ukuje karibu na nyumba, hiyo ni tamaa? Ndiyo inafanya niteseke?"

Watu walicheka, kisha wakanyamaza wakingoja jibu. Mkalimani alilipeleka swali kwa mwalimu kwa maneno machache, akapewa jibu refu, naye akalifupisha: "Anasema ukikata tamaa, utapata amani."

"Hiyo tamaa nilishakata kitambo," mama akasema. "Na amani bado sijaiona."

Safari hii hakuna aliyecheka.

Nilitoka pale na ile karatasi mfukoni na nimeisoma mara nyingi tangu siku hiyo. Leo nataka kuihakiki katika safu hii jinsi tunavyohakiki tafsiri nyingine yoyote. Dai langu ni kwamba kosa la siku ile halikuwa la mama aliyeuliza, wala halikuwa la Budha. Lilikuwa la maneno mawili matatu yaliyochaguliwa kwa haraka. Maneno hayo yaliyageuza mafundisho yanayomhusu kila binadamu, tajiri na maskini, yakawa lawama kwa maskini peke yake.

Nianze kwa kumtetea mkalimani, maana kazi aliyopewa ni ngumu. Ubudha si mgeni kabisa Afrika Mashariki. Wasinhala kutoka Sri Lanka, enzi hizo ikiitwa Ceylon, walijenga hekalu Dar es Salaam wakati wa ukoloni na lipo hadi leo. Nchini Uganda, mtawa Bhante Buddharakkhita, Mganda aliyezaliwa kwa jina Steven Kaboggoza, alianzisha kituo cha Kibudha mwaka 2005. Nairobi nayo ina hekalu. Hata hivyo, dini hii haijawahi kukaa katika Kiswahili kwa muda wa kutosha kujijengea msamiati. Bahari ya Hindi ilituletea maneno ya biashara na ya jikoni kutoka Bara Hindi: 'gari', 'laki', 'bima', 'chapati'. Haikutuletea maneno ya falsafa ya huko.

Kwa hiyo mkalimani huchota kutoka katika kisima kilichokwisha kuchotwa mara mbili. Ludwig Krapf alipoanza kutafsiri Biblia huko Mombasa mwaka 1844, alikuta Kiswahili tayari kina 'roho', 'dhambi', 'imani', 'malaika' na 'shetani', yote yakiwa na asili ya Kiarabu na yamezoeleka msikitini. Kanisa likayachukua na kuyapa mkazo wake. Mkalimani wa Kibera anapotafuta neno la Kibudha, analokuta mkononi limepitia msikitini na kanisani, nalo huja na mizigo yake yote. Akiliweka chini bila kulipekua, mizigo hiyo hushuka nalo.

Hata jina la mwasisi lina vituko vyake. Katika Sheng, 'buda' ni mzee, baba au mwanamume yeyote wa makamo. Mkalimani aliposema "Buda alifundisha," vijana wa nyuma waligeukiana kwa kicheko, kwani kila mmoja wao ana buda wake nyumbani na anajua anachofundisha. Jina lenyewe ni cheo, na maana yake ni mtu aliyeamka usingizini. Kiswahili kina neno zuri kwa hali hiyo: kuzinduka. Budha ni Aliyezinduka. Ni bahati mbaya kwamba siku hizi tumezoea kuona wanasiasa wakizindua barabara na visima, kitenzi hiki kikasahaulika kuwa kinamhusu pia mtu anayerudiwa na fahamu zake.

Sasa tuje kwenye 'dukkha', neno la Kipali ambalo karatasi inalitafsiri 'mateso'. Kwanza, mama mmoja alisikia 'duka'. Alimnong'onezea jirani yake kwamba ni kweli, maisha yake yote ni duka, anafungua alfajiri na kufunga usiku. Utani huo ulikaribia ukweli kuliko tafsiri.

Tatizo la 'mateso' ni la kimofolojia kabla ya kuwa la kifalsafa. Nomino hii imetokana na kitenzi 'tesa', na penye kutesa hapakosi mtesaji na mteswaji. Ukisema maisha ni mateso, msikilizaji ana haki ya kuuliza: anayetutesa ni nani? Tena neno hili ni zito mno. Linaleta picha ya jela, kiboko au msalaba. Mtu mwenye afya, kazi na familia yenye amani atakuambia bila kusita kwamba yeye hateseki. Vijana wa Nairobi nao wamelipindua kabisa: wakisema fulani anatesa, wanamaanisha anaishi vizuri na kutamba.

Dukkha ni pana zaidi. Mafundisho ya Kibudha huigawa mara tatu. Kuna maumivu ya wazi, kama ugonjwa, msiba na njaa. Kuna lile chungu lililojificha ndani ya tamu kwa sababu tamu haidumu: mshahara unaingia leo, na furaha yake inapungua siku hiyo hiyo unapoanza kuhesabu madeni. Halafu kuna hali ya chini kabisa, ile ya kutotulia ambayo humfuata mtu hata siku ambayo hakuna baya lililompata. Neno 'mateso' linabeba aina ya kwanza tu na kuziacha mbili njiani.

Jibu la swali hili nililipata Kawangware. Wiki moja baada ya kikao cha Makina, mkalimani aliniomba tukutane huko na wenzake wawili ili tuipitie karatasi kabla ya kikao chao cha pili. Tulikaa kwenye benchi kando ya barabara, karibu na mahali wanapounda na kukarabati mikokoteni. Hamali mmoja alikuwa ameleta wake. "Beringi imeisha," alimwambia fundi. "Tairi inacheza. Ukisukuma inavuta upande, na mzigo ukiwa mwingi ndiyo mbaya zaidi."

Nilimwomba mkalimani asikilize vizuri, kwani hamali alikuwa akitufasiria Kipali. Katika kamusi yake ya Kisanskriti ya mwaka 1899, Monier Monier-Williams anaeleza kuwa 'sukha', kinyume cha dukkha, husemekana kuwa na maana ya asili ya gurudumu lenye tundu zuri la mhimili. Kwa mantiki hiyo, dukkha ni gurudumu ambalo tundu lake ni bovu. Kamusi hiyo hiyo inataja asili nyingine, ambayo mwandishi anaiona ina uzito zaidi: kusimama vibaya, kuyumba. Ukichagua asili yoyote kati ya hizo mbili, unarudi kwa hamali. Mkokoteni wake unaenda. Haujavunjika, na hakuna anayeutesa. Lakini hautulii, na asiyeusukuma hawezi kujua unachosha kiasi gani.

Tulijaribu visawe kadhaa pale kwenye benchi. 'Shida' ni nyepesi mno, kwani shida hutatuliwa kwa pesa au kwa kumwona chifu. 'Huzuni' ni hisia moja tu. 'Kutotulia' kunaeleza aina ya tatu vizuri sana ila kunayadharau maumivu ya wazi. Mimi napendekeza 'dhiki'. Neno hili lina asili ya Kiarabu na maana yake ya kwanza ni wembamba, ubanaji, kukosa nafasi. Kiatu kinachobana ni dhiki, chumba cha futi kumi kwa kumi chenye watu sita ni dhiki, na moyo unaobanwa katika jumba la vyumba sita huko Lavington, ng'ambo tu ya Kawangware, nao ni dhiki. Neno halimtaji mtesaji. Isitoshe, wahenga walikwisha kulipa mwisho mwema: baada ya dhiki faraja. Kweli ya tatu kati ya zile Kweli Nne za Budha inasema hasa kwamba dukkha ina mwisho. Istilahi inayokuja na methali ya kuikamilisha ni ya kuthaminiwa.

Najua pingamizi. Katika matumizi ya leo mwenye dhiki ni maskini, kwa hiyo neno hili pia linaweza kuegemea upande mmoja. Ni kweli, na ndiyo sababu lazima aina zote tatu zitajwe kila mara linapofundishwa. Ila kulipanua 'dhiki' ni rahisi kuliko kulipunguza makali 'mateso'.

Kosa kubwa zaidi liko katika kisawe cha pili. Neno la Kipali ni 'tanha', na karatasi inasema ni 'tamaa'. Kwa juu juu inaonekana sawa. Si tunasema tamaa mbele, mauti nyuma? Si tamaa ndiyo iliyomuua fisi? Lakini Kiswahili kimeipa tamaa sura mbili. Sura moja ni ulafi. Sura ya pili ni tumaini. Mgonjwa tunamwambia asikate tamaa. Mwanafunzi aliyeanguka mtihani tunamwambia asikate tamaa. Anayekata tamaa kwa Kiswahili amekufa moyo, na hakuna mwalimu wa dini yoyote anayeweza kumsifu.

Sasa rudi kwenye sentensi iliyotamkwa Makina: ukikata tamaa, utapata amani. Mkalimani alikusudia kusema kwamba mtu akiiachilia ile shauku inayomsumbua atatulia. Mama alisikia kwamba akifa moyo atatulia. Yeye alikuwa amesikia Kiswahili sahihi, na jibu lake lilikuwa sahihi. Mtu aliyekwisha kukata tamaa kuhusu mfereji, kuhusu choo cha karibu na kuhusu karo ya mtoto hahitaji mtu atoke mbali kuja kumfundisha kukata tamaa.

Maana ya msingi ya 'tanha' ni kiu, kiu hii hii ya koo, iliyohamishwa kisitiari kwenda moyoni. Na hapa Kiswahili kinatupa zawadi ambayo karatasi haikuiona. Kiu nayo hukatwa. Anayekunywa maji hukata kiu. Kitenzi ni kile kile, lakini angalia tofauti: kukata tamaa ni kupoteza, kukata kiu ni kutosheka. Budha hakuwataka watu wakate tamaa. Aliwataka waone kwamba kuna kiu fulani ambayo kinywaji chake hakiikati, kisha waache kujidanganya na kinywaji hicho. Mtu wa pwani anaijua kiu hiyo: ni ya aliyekwama baharini akaanza kunywa maji ya chumvi, na kila funda linamwongezea kiu.

Kwa hiyo napendekeza 'kiu isiyokatika'. Nilifikiria pia 'uchu', neno kali na la kwetu kabisa, lakini magazeti yameliozesha kwa madaraka kiasi kwamba msomaji akiliona anatafuta jina la mwanasiasa.

Hapo swali la mama linapata jibu. Kipali hakina neno moja tu la kutaka. Mbali na tanha kipo 'chanda', yaani nia au ari ya kufanya jambo, na chanda inaweza kuwa njema. Bila ari hiyo hakuna atakayeshika njia ya Budha hata hatua moja. Mama anayetaka mfereji karibu na nyumba ana ari, tena ana kiu ya kweli inayokatika kwa maji. Akipata maji atakunywa, atapika, ataosha watoto na kulala. Kiu isiyokatika ni ya mwenye mifereji mitano anayeamka usiku kuwaza wa sita, au ya yule anayeukata mfereji wa jirani ili maji yake yapate bei. Karatasi ilipowaweka wote hawa chini ya neno 'tamaa', ilimhukumu mwenye mtungi na kumsahau mwenye tangi.

Na wasiodhani kwamba falsafa hii inawataka wenye njaa wanyamaze, kuna masimulizi katika ufafanuzi wa kale wa Dhammapada. Budha alifika mji wa Alavi kufundisha. Mtu mmoja maskini alitaka sana kumsikiliza, ila ng'ombe wake alikuwa amepotea. Akamtafuta asubuhi nzima, akampata, kisha akaenda mbio kikaoni akiwa hajala chochote. Budha alikuwa amekaa kimya akimngoja. Alipofika aliagiza kwanza apewe chakula, na mafundisho hayakuanza hadi mtu yule aliposhiba. Watawa waliponung'unika, aliwaeleza kwamba mwenye njaa hawezi kuelewa mafundisho. Aidha, katika Cakkavatti-Sihanada, moja ya hotuba ndefu za Kipali, inasimuliwa jinsi mfalme alivyoacha kuwapa mali wasio nacho, umaskini ukaenea, na kutokana na umaskini ukazaliwa wizi, kisha silaha, kisha mauaji. Hapo lawama haikuwekwa kwenye tamaa ya maskini. Iliwekwa mlangoni pa mtawala.

Kisawe cha tatu kinaongeza chumvi kwenye kidonda hicho hicho. Karatasi inasema 'kamma', au karma kama wengi wanavyoijua, ni "malipo ya maisha yaliyopita." Nairobi imelipenda neno hili. Mwizi akianguka kwenye mtaro watu husema ni karma, kwa maana ile ile ya malipo ni hapa hapa duniani. Lakini kamma ni kitendo. Malipo yana neno lake jingine, tunda. Tena Budha aliifasiri kamma kwa kuiweka katika nia: kinachopimwa ni kusudi la mtendaji. Waislamu wa Makina hawangeshangaa kusikia kwamba tendo hupimwa kwa nia, kwani wamelijua hilo tangu chuoni.

Ukiita kamma 'malipo', anayezaliwa kwenye kibanda ukingoni mwa mtaro wa majitaka anakuwa amelipwa anachostahili, na asiyemsaidia hana hatia. Budha alipoulizwa na mtu aitwaye Sivaka kama kila linalompata mtu linatokana na matendo yake ya zamani, alikataa. Alitaja sababu nyingine, zikiwamo maradhi ya mwili, mabadiliko ya majira na kushambuliwa na wengine. Kamma ilikuwa moja tu kati ya sababu nane. Kisawe chake basi kiwe 'kitendo cha nia', na matokeo yaitwe 'tunda'. Mkulima yeyote ataelewa kwamba tunda hutegemea mbegu, na pia mvua na udongo.

Kuhusu 'anatta', karatasi inasema "binadamu hana roho." Sentensi hii ilizua mguno Makina, na si kwa sababu za kidini tu. Kwa Kiswahili asiye na roho ni katili. Mkalimani alikuwa amewaambia akina mama kwamba binadamu wote ni makatili, na baadhi yao walionekana kukubali.

Neno linalokaribia ni 'nafsi'. Anatta inasema kwamba ukiipekua hali ya binadamu, yaani mwili, hisia, utambuzi, misukumo ya nia na ufahamu, hutapata ndani yake kitu kimoja kisichobadilika cha kuitwa mimi. Sisi tuliofundishwa sarufi tunalifahamu neno nafsi kwa namna inayosaidia. Tunasema nafsi ya kwanza, nafsi ya pili, nafsi ya tatu. Nafsi ya kwanza katika kitenzi ni kiambishi 'ni-': ninatembea, ninaumwa, ninacheka. Kiambishi hicho kina kazi kubwa, lakini hakiwezi kusimama peke yake. Kitoe kwenye kitenzi, huna neno. Mwanafunzi anayeelewa hilo amekwisha kupata fununu ya anatta: mimi nipo katika kutembea, kuumwa na kucheka, wala sipo kando nikingoja.

Kwa asiyependa sarufi, mkokoteni wa Kawangware bado upo. Katika kitabu cha Milinda-panha, mtawa Nagasena anamuuliza mfalme Milinda kuhusu gari lake la kukokotwa. Je, gari ni magurudumu? Ni mhimili? Ni fremu? Mfalme anakubali kwamba hakuna kipande kimoja kilicho gari, na 'gari' ni jina la vipande vilivyounganika. Fundi wa mikokoteni alikuwa ameufungua ule wa hamali, ekseli kule, mbao huku, magurudumu yameegemea ukuta. Tulimuuliza mkokoteni uko wapi. Akatutazama kama watu wasio na kazi. "Si ndiyo hii natengeneza?" Kisawe changu basi ni 'kutokuwa na nafsi ya kudumu', na vile viwili vya mwisho, 'ya kudumu', visiachwe hata kama karatasi ni ndogo.

'Nibbana', au nirvana, imeandikwa 'peponi'. Hapa mkalimani alitaka kuwafurahisha wasikilizaji, nao wakafurahi kwa jambo lisilokuwepo. Pepo ni mahali. Nibbana ni kuzimika kwa moto, na moto unaozungumziwa ni wa aina tatu: uchu, chuki na kupumbazika. Wazungu wengi walipokutana na neno hili waliogopa, wakadhani kuzimika ni kufa. Mkazi wa Kibera au Kawangware hawezi kukosea hivyo. Ameona moto ukiruka kutoka nyumba ya mabati hadi nyingine saa nane usiku, amebeba godoro na mtoto, amepitisha ndoo mkono kwa mkono. Mtu huyo ukimwambia moto umezimika, hakuulizi umekwenda wapi. Anaketi chini na kushusha pumzi. Sijui lugha gani ingeeleza nibbana vizuri zaidi, na karatasi ilikuwa na neno hilo mlangoni pake ikalipita.

Nisije nikaonekana mchoyo wa sifa, kipo kisawe kimoja kilichonifurahisha. 'Anicca' imetafsiriwa 'kutodumu', na hakuna cha kuongeza. Mtaa wenyewe ni ushahidi. Jina Kibera limetokana na neno la Kinubi 'kibra', yaani msitu, kwani askari Wanubi waliopewa ardhi ile na serikali ya kikoloni waliukuta msitu. Leo eneobunge linaitwa Kibra, msitu umebaki katika jina, na mabati ndiyo yaliyoota. Fasihi yetu nayo imeizoea dhana hii: Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alipotunga Al-Inkishafi, aliuonyesha moyo wake magofu ya Pate na fahari iliyopotea. Tofauti ni kwamba mshairi wa Pate anayatoa macho kwenye magofu na kuyaelekeza kwenye makao ya milele. Budha anasema endelea kuangalia. Mkalimani mwema ataonyesha mfanano huo bila kuificha tofauti.

Kikao cha Kawangware kilifanyika wiki iliyofuata kwa karatasi iliyorekebishwa. Sitadai kwamba kila mtu alielewa. Kijana mmoja alisema 'kiu isiyokatika' inamkumbusha kamari ya simu, na ukumbi mzima ukaanza kutaja majina ya walioliwa. Mzee mmoja alikataa 'dhiki' katakata, akashikilia kwamba 'taabu' ingetosha. Huenda ana haki. Istilahi hazizaliwi gazetini wala chuoni. Huzaliwa wasemaji wanapobishana juu yake, na ubishi wa siku ile ulikuwa wa watu walioelewa wanachobishania.

Hata hivyo, mama wa Makina hakuwepo. Mtaa wake ni mwingine, na jibu alilonalo hadi sasa ni lile la kwanza. Nimemwomba mkalimani arudi kumtafuta. Anasema anamjua, huuza sukuma wiki karibu na reli. Tumekubaliana atamwambia kwa Kiswahili cha kawaida, bila karatasi, kwamba kutamani maji hakujawahi kuwa kosa, na kwamba siku ile hakuna aliyepaswa kumwambia akate tamaa.